Bahari Iko Tanga, Mimi Niko Moshi

Juu ya rafu ya vitambaa vya bitana dukani kwangu kuna mto mmoja mrefu na mwembamba, rangi ya khaki, wenye doa jeusi upande mmoja. Hazipiti wiki mbili bila mteja kuuliza ni wa nini. Mmoja alitaka kuununua akauweke chini ya mlango, eti uzuie vumbi la kiangazi. Nilipomwambia hauuzwi akaondoka amenuna, akidhani nampandishia bei.

Mto huo niliushona Agosti 2020, saa saba ya usiku, nikiwa nalia kwa ajili ya bahari ambayo sijawahi hata kuiona.

Mimi ni mtu wa Kwale. Si Kwale ya Kenya, ni ile ya Mkinga, kaskazini ya Tanga mjini. Niliolewa Moshi nikiwa na miaka ishirini na mbili, na sasa nina duka la kushona si mbali na soko la Mbuyuni. Watu wa huku wamenipokea vizuri, sina la kulalamika. Ila hakuna wa kumweleza maana ya kuamka asubuhi bila kusikia harufu ya maji yaliyokupwa. Ile harufu ya tope la mikoko, chumvi na vitu vinavyooza, ambayo mgeni huiita uvundo. Mimi nikiikumbuka naona njaa. Samaki wa baharini wanaofika hapa wamelala kwenye barafu safari nzima, macho yameingia ndani. Nikipita sokoni nawaangalia macho kwanza, kama ndugu wa mgonjwa anayechungulia wodini.

Sasa hiyo Agosti. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya mizigo iitwayo Wakashio ilipanda mwamba wa matumbawe karibu na Pointe d'Esny, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Mauritius. Mwenyewe Mjapani, bendera ya Panama. Haikuwa na shehena, lakini matangi yake yalikuwa na karibu tani 4,000 za mafuta ya kuendeshea injini. Ilikaa pale juu ya mwamba siku kumi na mbili. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakitoka majumbani mwao asubuhi na kuiona, imesimama kama jengo. Tarehe 6 Agosti ikaanza kuvuja. Tani zipatazo 1,000 ziliingia katika ile ghuba yao yenye maji ya rangi ya feruzi, na tarehe 15 meli ikakatika vipande viwili.

Baadaye mamlaka ya bahari ya Panama ilisema meli ilisogezwa karibu na nchi kavu ili watu wake wapate mtandao wa simu. Niliposoma hayo nilikuwa na simu mkononi, saa nane ya usiku. Niliiweka chini kidogo. Kisha nikaichukua tena.

Habari yenyewe ililetwa dukani na mteja. Kusini mwa Moshi, kule Arusha Chini, kuna mashamba makubwa ya miwa na kiwanda cha sukari cha TPC, na tangu mwaka 2000 sehemu kubwa ya hisa zake imekuwa mikononi mwa Wamauritius. Ndiyo maana hapa mjini hukosi kukutana na watu wa kisiwa kile. Mama mmoja wa huko alikuwa ameniletea kazi ya mapazia. Alipokuja kuyachukua hakuyaangalia hata. Alinionyesha video kwenye simu: watu wa rika zote wamekaa chini, wanajaza majani makavu ya miwa ndani ya mifuko mirefu ya kitambaa, wanashona kwa mkono, wanafunga chupa tupu za plastiki ili ielee. Wanatengeneza vizuizi vya mafuta. Wengine saluni walikuwa wanakatwa nywele zitiwe humo, maana mafuta hushika nywele. Serikali yao iliwaambia waiachie mamlaka kazi hiyo. Hawakuacha.

Mama yule alikuwa analia kimyakimya, Kiswahili chake kikampotea chote, akabaki anasema "bahari yetu, bahari yetu." Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naangalia mshono. Ulikuwa mpana mno. Majani yangetoka.

Usiku ule usingizi uliniruka. Na uliofuata. Nilikuwa nimekwisha kujua, kama kila mtu wa Tanga, kwamba bomba la mafuta ghafi linakuja kwetu. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko ndani ya Tanzania. Jiwe la msingi liliwekwa pale Chongoleani Agosti 2017, marais wawili wakiwa wamesimama. Mwaka ule nilipiga vigelegele na wenzangu. Watoto wa kaka yangu walikuwa hawana kazi, na ng'ombe hakamuliwi kwa kuimbiwa. Lakini ile video ilinibadilishia picha. Kila nilipofumba macho niliona Wakashio, ila mwamba wake ulikuwa mwamba wetu, na nyuma yake minazi ya kwetu.

Mume wangu alinivumilia siku nne. Ya tano akauliza, "Kwani Mauritius una shamba?"

Sikumjibu vizuri. Ningemjibu nini? Hakuna tone lililomwagika Tanga. Nilikuwa nalilia kitu kizima. Kuna mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, ambaye mwaka 2003 alibuni neno, solastaljia, kueleza huzuni ya mtu ambaye yupo nyumbani kwake lakini nyumba yenyewe inaharibika mbele ya macho yake. Alikuwa akiwatazama watu wa bonde la Hunter, lenye migodi ya makaa ya mawe. Neno zuri, ila lilinibana kifuani kama gauni la mtu mwingine. Mimi nyumbani siko, na nyumbani hapajaharibika. Sisi tuna jitimai, neno la zamani, na linanienea vizuri zaidi kwa sababu halidai sababu. Jitimai linakaa tu.

Basi nikashona. Nilichukua kipande cha khaki kilichobaki kwenye kaptura za shule, nikakata utepe wa inchi 20 upana, nikaunga, nikapiga mshono mara mbili. Binamu yake mume wangu anayefanya kazi mashambani aliniletea kiroba cha majani makavu ya miwa. Jirani yangu wa saluni akajitolea nywele, akaniletea mfuko umejaa. Tukaufungua: nywele bandia, rasta za plastiki karibu zote. Tulicheka mpaka akakaa chini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilicheka wiki ile.

Nikaomba nusu lita ya oili chafu kwa fundi wa gereji. Nikajaza maji kwenye karai, nikatia chumvi ya mawe ili yafanane na bahari, nikamimina oili. Wanangu wawili wamesimama pembeni kama kwenye mazingaombwe.

Nilidhani itatulia pale nilipoimwaga. Wapi! Ilitanda papo hapo, ikawa nyembamba kuliko hariri, ikatoa rangi zote za upinde wa mvua. Na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba ilikuwa inapendeza. Mtoto mdogo alipuliza, nayo ikakimbilia upande wa pili wa karai. Nikaweka mto. Ulikunywa kiasi, upande mmoja ukawa mweusi, lakini ukingoni mwa karai ulibaki mduara ambao haukutoka kwa sabuni ya unga, haukutoka kwa majivu, haukutoka kwa mafuta ya taa. Karai lile sasa linabebea zege kwa jirani anayejenga. Kichwa kiliniuma jioni nzima kwa ule mvuke wa nusu lita tu, nikawakumbuka wale watu wa Mahébourg, mji wa pwani kule Mauritius, waliokuwa ndani ya maji hadi kiunoni.

Ila ile pumzi ya mtoto ilinifungua akili. Nilianza kusoma, mara hii si kwa kutafuta picha za kunitesa. Wataalamu hukadiria kwamba mafuta juu ya bahari husukumwa kwa karibu asilimia 3 ya kasi ya upepo, na hapo hapo hubebwa na mkondo wa maji kama ulivyo. Mkondo wa pwani yetu ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini. Kusi likivuma, tangu Aprili hadi Septemba hivi, upepo nao unasukuma huko huko. Kwale iko kaskazini ya Chongoleani. Kaskazi likivuma, Desemba hadi Machi, mambo hubadilika, upepo unapingana na mkondo. Babu yangu aliyajua haya yote bila asilimia.

Nikasoma pia kwamba mafuta ya Hoima yana nta nyingi. Ndiyo maana bomba lenyewe linavikwa kizuia joto na kupashwa moto, libaki kwenye nyuzi 50 hivi. Yakipoa huganda kama samli ya asubuhi. Kwa hiyo yakimwagika kwetu, kwenye maji ya nyuzi 27 au 28, hayatafanya kama oili yangu ya karai, yataelekea kuganda mabonge mabonge yakienda na maji. Na mafuta ya meli zitakazokuja kuyachukua, yale ya injini zao, hayo ni mengine tena. Mombasa, jirani zetu, wamewahi kuonja: Aprili 2005 meli ya mafuta ya India, Ratna Shalini, ilitoboka bandarini, tani kama 200 zikaingia kwenye mikoko.

Mtu anaweza kudhani kujua hayo kuliniongezea woga. Kwangu ilikuwa kinyume. Woga wa kwanza haukuwa na mwanzo wala mwisho, ulikuwa umenijaa tumboni saa ishirini na nne. Huu wa pili ulikuwa na majira, ulikuwa na upande. Mwezi wa Januari niliweza kulala. Ulikuwa mkubwa bado, lakini niliweza kuuzunguka nikauona mgongo.

Sikuwa mwema kwa watu miaka ile, nakiri. Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo nilikuwa mtuma picha mkuu: ndege wa Louisiana, Marekani, waliolowa mafuta meusi mwaka 2010 baada ya mtambo wa kuchimbia mafuta wa Deepwater Horizon kulipuka na kuua wafanyakazi 11, kisima kikamwaga siku 87 kabla ya kufungwa. Ndege akishikwa na mafuta manyoya hayazuii maji tena, anajisafisha kwa mdomo, anayameza. Nilituma hizo picha asubuhi, mchana, Ijumaa kabla ya swala. Mwaka 2023 mtoto wa kaka yangu akapata kazi kwenye ujenzi kule Chongoleani, msaidizi wa wachomeleaji. Akatuma picha yake amevaa kofia ngumu. Wote wakamwandikia hongera. Mimi nikatuma picha ya ndege mwari wa Louisiana.

Akajibu: "Shangazi, wewe uko Moshi unakula ndizi. Sisi huku ndiyo tunakula kwa hii."

Hatukusemezana miezi saba.

Katika miezi hiyo nilisoma habari za Cordova, mji mdogo wa wavuvi huko Alaska. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba wa Bligh, ikamwaga lita zaidi ya milioni 40. Mwaka mmoja baadaye watafiti waliwahoji wakazi wa eneo lile, na waliokuwa wameguswa zaidi na mafuta walionekana kuwa na ugonjwa wa wasiwasi zaidi ya mara tatu kuliko wasioguswa. Hilo halikunishangaza. Kilichonigusa ni jinsi walivyogombana wao kwa wao. Aliyekodisha boti yake kwa kampuni kufanya usafi alipata fedha nyingi, jirani yake hakupata, au alikataa kwa kinyongo, na watu waliokuwa wakiazimana nyavu wakaacha kusalimiana. Samaki aina ya heringi wakapotea mwaka 1993. Kesi nayo ikaenda, ikaenda. Baraza la wazee wa mahakama lilisema kampuni ilipe dola bilioni 5 mwaka 1994, rufaa juu ya rufaa, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ikashusha hadi karibu dola milioni 507. Miaka kumi na tisa ya kusubiri karatasi. Wapo wanasosholojia, J. Steven Picou mmoja wao, waliosema kesi yenyewe iliwaumiza watu kama mafuta yalivyowaumiza.

Sasa mimi nilikuwa nimeshafanikiwa kuvunja undugu kabla hata pipa la kwanza halijafika baharini. Kipaji hicho.

Huko Cordova, miaka ya tisini, walifanya jambo moja nililolipenda. Watu wa kawaida wa mji walifundishwa namna ya kumsikiliza mwenzao: kukaa, kunyamaza, kutompa ushauri haraka, na kujua ni wakati gani wa kumpeleka kwa mtaalamu. Basi. Hata nikajisemea, mbona hayo ndiyo matanga ya kwetu? Kwetu mtu akifiwa unakwenda, unakaa mkekani, husemi kitu. Lakini bahari haijafa, nani atakuja kukaa mkekani kwangu?

Aliyekuja alikuwa mama mkwe. Anaishi juu, Kibosho, na huteremka kila baada ya miezi kuangalia wajukuu. Nilikuwa sijamwambia lolote, lakini mume wangu alikuwa amesema. Asubuhi moja mawingu yalifunguka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikawa wazi, tukawa tunakunywa chai nje.

"Mimi nikiwa msichana," akasema, "ile nyeupe ilikuwa inashuka mpaka pale." Akaonyesha kwa kijiko. "Sasa angalia."

Nilijua takwimu, nikamwambia: kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu ya juu kule imekwisha. Akatikisa kichwa kama mtu anayesahihishwa na mtoto.

"Na unaendeleaje, mama?" nikamuuliza. "Ukiiona hivyo?"

"Siku nyingine sitazami," akasema. "Siku nyingine natazama. Ongeza maziwa."

Nilitaka aseme zaidi. Hakusema. Alikaa tu na mimi mpaka mawingu yakarudi, na alipoondoka nikampigia mtoto wa kaka simu.

Simu ile ilichukua saa nzima na vocha mbili. Nilijilazimisha kunyamaza. Akaniambia habari za kazi: jinsi bomba linavyoungwa na bomba, jinsi kila maungio yanavyopigwa picha kwa mionzi kuona kama ndani kuna tundu, na fundi wake alivyokatiwa kazi yake nzima akaanza upya kwa sababu ya kitobo kisichozidi ncha ya sindano. Alipolieleza hilo sauti yake ilikuwa na majivuno. Nikaelewa. Hata mimi nafumua. "Lakini shangazi," akasema mwishoni, "usidhani mimi siogopi. Mimi ndiye nitakayekuwa hapa." Halafu akauliza kama nitakuja.

Nilikwenda Januari 2025. Basi linapita Same, Hedaru, Mombo, milima ya Upare kisha ya Usambara ikiwa kushoto, mashamba ya mkonge, Korogwe, Segera, halafu machungwa ya Muheza dirishani. Nilipoanza kuona minazi nilitoa leso, na dada niliyekaa naye akadhani nimefiwa, akanipa pole. Nikaipokea.

Mjomba wangu ana miaka sabini na kitu, jicho moja limeingia mtoto, bado anatega madema.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa. Huko kwenye baridi mnakula nini?"

Kesho yake, maji yakiwa yanajaa, alinipandisha mtumbwini tukaingia kwenye hori, katikati ya mikoko. Nilikuwa na hamu ya kuona kama bado nayajua majina: mkoko wenyewe na miguu yake iliyotawanyika, mkandaa, msinzi, mlilana kule mbele kwenye mawimbi, na mchu unaotoa mizizi juu kama penseli zilizochomekwa kwenye tope. Nikaanza kumweleza mjomba. Kwamba ile mizizi ya mchu ina vitundu vya kupumulia, na mafuta yakiipaka yanaziba vitundu, mti unakosa hewa ukiwa umesimama wima, na mafuta yakizama kwenye tope yanaweza kukaa humo miaka mingi.

Aliacha kupiga kasia. "Kwani nani kakwambia sijui mchu unapumulia wapi?"

Nikanyamaza.

Tulipotoka kwenye hori akaanza kunionyesha kwa kasia. Pale. Na pale. Na kule palipo na rangi ya kijivu. Kote huko kulipigwa baruti za kuvulia samaki, miaka na miaka, matumbawe yakawa kifusi. "Aliyepiga pale alikuwa rafiki yangu," akasema. "Nimecheza naye bao mpaka alipokufa." Halafu akataja mwaka 1998, maji yalipopata joto na matumbawe yakawa meupe. Nilikuwa binti mdogo. Nakumbuka watu wakizungumza, sikumbuki mtu akilia.

"Ulifanyaje, mjomba?"

"Nililala ndani siku tatu. Nikasema sitaki hata kuiona. Siku ya nne mkaza mjomba wako akaniambia unga umekwisha."

Akapiga kasia kidogo.

"Nikaenda. Nikapata tasi wawili."

Nilikuwa nimekuja na pwani yangu kichwani, ile ya msichana wa miaka ishirini na mbili aliyepanda basi na sanduku la chuma. Nimeililia miaka mitano kama kitu safi ambacho watu wengine watakuja kukichafua. Huyu mzee alikuwa anavua katika bahari iliyokwisha kuvunjwa mara mbili, mara moja na marafiki zake mwenyewe, na bado aliita samaki kwa majina. Niliona aibu, ila ilikuwa aibu nyepesi, ya kunipunguzia mzigo. Sikuwa mlinzi wa kitu chochote kule Moshi. Nilikuwa mtu aliye mbali, mwenye cherehani.

Nilimwonyesha mto. Nilikuwa nimeubeba ndani ya begi, nimeufunga kwenye kanga. Aliugeuza, akaunusa, akaufinya kama anayenunua nyanya. Akauliza utaelea muda gani. Nikamwambia majani yakilowa utazama, ndiyo maana kule walifunga chupa. Akauliza ukishakunywa mafuta unakwenda wapi. Swali hilo ndilo gumu, kwa sababu mto wenye mafuta ni taka yenye sumu, na huwezi kuutupa jalalani ukasema umemaliza. Akauliza kama upepo ukiwa mkali mafuta hayatapita chini. Yatapita, nikasema. Kwenye mawimbi makubwa hata vile vizuizi vya kiwandani vinashindwa. Hii ni kazi ya maji yaliyotulia, ya kuziba mdomo wa hori kwa saa chache wakati wenye mitambo wanakuja.

"Wakija," akasema mjomba.

Nilirudi Moshi na machungwa, nazi kumi na mbili na kibua wa kukaanga ambao basi zima lilinilaani kwa harufu yake. Bado kuna usiku naamka. Naenda chooni, nakunywa maji, narudi. Simu huwa naiacha sebuleni, na mtoto wa kaka amekubali kwamba nikitaka kujua kitu nimuulize yeye kwanza kabla ya kuuliza intaneti. Wakati mwingine ananijibu kwa picha ya chakula chake cha mchana.

Wiki iliyopita mjomba alinipigia mwenyewe, jambo ambalo hafanyi, maana anaamini anayepiga simu ndiye mwenye shida.

"Ule mto wako," akasema bila salamu. "Unaweza kushona pima arobaini?"

Nikamuuliza pima arobaini za nini.

"Mdomo wa hori. Nimepima kwa kamba, maji ya bamvua, yalipojaa kabisa. Pima arobaini kasoro kidogo. Nimewaambia vijana waanze kuweka chupa."

Nilichukua chaki nikaandika kwenye meza ya kukatia. Pima moja ni futi 6, kwa hiyo pima arobaini ni yadi 80. Kitambaa cha upana wa inchi 60 kinatoa tepe tatu za inchi 20. Yadi 80 kwa tatu, ishirini na saba. Jora moja la yadi 30 linatosha mstari mmoja, na kinabaki kipande cha kuungia ncha. Mistari miwili ingekuwa bora, majora mawili, na majani ya miwa viroba sijui vingapi, itabidi nimwombe binamu, na niulize nauli ya mizigo hadi Tanga.

"Kitambaa ninacho," nikamwambia. "Kuna jora la mapazia limenilalia, halinunuliki."

"La rangi gani?"

"La maua."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia jogoo nyuma yake, na mtu anapigilia msumari.

"Tafuta kingine," akasema. "Samaki watatucheka."